Bunduki ya mtandaoni haiji mlangoni: mjue mwenye leseni kabla hujalipia mzigo



Wiki iliyopita mteja wangu mmoja, mzee mwenye shamba kubwa nje ya mji, alinitumia picha ya bunduki ya kuwindia kutoka tovuti moja ya Marekani. Chini ya picha akaandika: "Mwanangu, wewe si unaagizaga vitu mtandaoni? Niagizie hii. Bei nimeiona, dola 400 tu. Nguruwe pori wananimaliza."

Nikamjibu: "Shikamoo mzee wangu. Hiyo siwezi, na hata ningeweza nisingekubali."

Kwa mgeni wa ukurasa huu: nina duka dogo Mwanza, chumba kimoja, nauza vifaa vya walinzi. Buti, tochi, filimbi, mikanda, makoti ya mvua. Niliishia kidato cha nne, biashara nimejifunzia humuhumu mtandaoni kwa kuuliza na kwa kuumia. Ndiyo maana watu wakiona tochi na mikanda wanadhani na bunduki zipo.

Mzee hakukubali kirahisi. Akaniuliza: "Mbona Marekani wanaagiza kama nguo tu, vijana wameniambia?" Hapo nikakosa jibu. Nikakaa usiku nikasoma mpaka nikaelewa. Na nilichokikuta kimenigusa kuliko nilivyotegemea, kwa sababu ndilo kosa lililonimalizia mtaji mwaka 2022. Leo nawaeleza yote mawili: la bunduki za Marekani, na la redio zangu 20.

HATA MAREKANI HAIJI MLANGONI

Zamani ilikuwa inakuja. Machi 1963, jamaa anaitwa Lee Harvey Oswald alikata kuponi ya tangazo kwenye jarida, akaagiza bunduki kwa posta kutoka duka moja la Chicago. Alitumia jina la uongo, A. Hidell, ikaenda kwenye sanduku la posta Dallas. Bunduki, darubini yake na usafiri, jumla dola 21.45. Hakuna aliyemuuliza yeye ni nani. Novemba 22 mwaka huohuo Rais John F. Kennedy akauawa Dallas, na tume ya uchunguzi ikasema bunduki iliyotumika ni hiyohiyo.

Mwaka 1968, baada ya Martin Luther King Jr. na Robert Kennedy nao kuuawa kwa risasi, Marekani wakapitisha sheria mpya ya silaha. Toka hapo, ukinunua bunduki kwa muuzaji wa jimbo lingine, hawezi kukutumia wewe moja kwa moja. Anaituma kwa muuzaji mwenye leseni ya serikali kuu aliye kwenye jimbo lako. Leseni hizo zinatolewa na idara inayoitwa ATF. Wewe unaenda dukani kwake na miguu yako, unaonyesha kitambulisho chenye picha, unajaza fomu namba 4473, na yeye anaulizia jina lako kwenye mfumo wa ukaguzi ulioanza Novemba 1998. Mfumo unajibu moja kati ya matatu: endelea, subiri, au amekataliwa.

Kwa hiyo ile "kununua mtandaoni" ni kulipa na kuchagua tu. Kukabidhiwa ni ana kwa ana, mbele ya mtu mwenye leseni ambaye akivunja sheria kwa makusudi anaweza kuipoteza leseni yake, na anaweza kufungwa. Mzee nilipomweleza alicheka, akasema: "Kumbe mtandao ni dirisha tu, mlango uko kwa mwenye leseni." Nimeipenda hiyo, nimeichukua.

WENZETU WANAMCHAGUAJE HUYO MWENYE LESENI?

Hapa ndipo tuwe makini, maana mnunuzi wa Marekani akichagua vibaya anapoteza hela kama mimi na wewe. Nimesoma wanavyoshauriana, mambo yao makubwa ni haya:

1. Wanaanza na mpokeaji, bidhaa baadaye. Mtu mwenye akili hapo halipii bunduki kwanza ndiyo atafute wa kuipokea. Anampigia simu mwenye duka la karibu: "Naomba kupokelewa mzigo kutoka duka fulani, unakubali?" Maana mwenye leseni halazimiki kukubali. Wengine hawapokei kabisa, wengine hawapokei kutoka kwa mtu binafsi, wanataka mtumaji naye awe na leseni. Ukilipa kabla ya kuuliza, mzigo unaweza kufika ukarudishwa, na gharama ya kwenda na kurudi ni yako.

2. Leseni inahakikiwa, haiaminiwi kwa macho tu. Leseni ya silaha ya Marekani inadumu miaka 3 na ina namba yenye tarakimu 15. Muuzaji wa mbali, kabla hajatuma, anataka nakala ya leseni ya mpokeaji, halafu anaingiza tarakimu chache za mwanzo na za mwisho kwenye tovuti ya ATF kuona kama ni hai na kama anwani ni ileile. Ona hapo: nakala anayo mkononi na bado anaihakiki. Sisi tukitumiwa picha ya cheti WhatsApp tunasema "ahsante bosi" tunalipa.

3. Gharama yote inajulikana mapema. Mwenye leseni anajipangia ada ya kupokea, serikali haimpangii. Wengi wanachaji kati ya dola 20 na 50, wengine zaidi. Lakini mjanja anauliza na mengine: ada ya ukaguzi ipo? Mzigo ukikaa kwa siku kadhaa kuna hela ya kutunza? Nikiwa na bunduki mbili ni ada moja au mbili? Ile bei ndogo ya mtandaoni inaweza kulingana kabisa na bei ya duka la jirani ukishajumlisha.

4. Wanauliza mambo yakiharibika inakuwaje. Mfumo ukisema "subiri", sheria ya nchi inampa muuzaji ruhusa ya kukabidhi baada ya siku 3 za kazi kama jibu halijaja, lakini wenye maduka wengine hawakabidhi mpaka jibu lije. California wanasubiri siku 10 hata kama kila kitu ni safi. Na ukikataliwa kabisa, bunduki haupewi ingawa umeshalipa. Inarudi kwa muuzaji, na mara nyingi anakata sehemu ya hela yako. Mwenye duka mzuri anakwambia haya kabla. Mwenye duka mbaya anakwambia ukishakwama.

5. Wanakagua kabla ya kusaini. Bunduki ikifika unaitazama pale kaunta: namba yake ndiyo ile ya kwenye risiti? Imepasuka? Ndiyo uliyoagiza? Ukishasaini na kuondoka nayo, wauzaji wengi wanaihesabu imeshatumika, hawairudishi. Kasoro inatakiwa kuonekana kabla ya kalamu.

6. Hawajifichi nyuma ya jina la mtu. Ile fomu inauliza wazi kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Ukidanganya, kwamba unamnunulia mtu mwingine kwa siri, hilo ni kosa la jinai lenyewe, hata kama bunduki haijafanya baya lolote. Na mwenye duka akihisi hivyo anatakiwa akatae.

Hayo sita yasome tena halafu kila penye "bunduki" weka mzigo wako. Utaona nimefikia wapi.

NA HUKU KWETU?

Nilimalizana na mzee hivi. Tanzania tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kumiliki silaha ni lazima uwe na leseni, na njia yake inapita serikali yako ya mtaa na polisi, sio tovuti. Unaombwa sababu, unachunguzwa, halafu ununuzi unafanyika kwa muuzaji aliyeidhinishwa. Kuingiza silaha nchini bila kibali ni kesi kubwa, na hata kuitoa Marekani kunahitaji kibali cha serikali yao. Kwa hiyo anayekwambia "nakuletea bunduki toka nje, tuma nusu", ama ni tapeli ama anakuingiza jela. Katikati hapo hamna kitu. Mzee nimemwelekeza aanzie kwa mwenyekiti wake na kituo cha polisi, na kwa nguruwe aulize ofisi ya maliasili ya wilaya.

Lakini wengi wetu hapa hatuuzi bunduki. Tunauza vipodozi, simu, dawa za mifugo, mbegu, droni za kupigia picha harusi. Na hapo ndipo tunapojisahau, kwa sababu tunadhani vibali ni mambo ya silaha tu. Sio kweli. Angalia:

Redio koli na vifaa vingine vya mawasiliano: TCRA. Kifaa kinatakiwa kiwe cha aina iliyoidhinishwa, anayeingiza na kuuza awe na leseni, na anayetumia redio koli awe na leseni ya masafa.

Dawa na vifaa tiba: TMDA.

Chakula na vipodozi: TBS, toka mwaka 2019.

Viuatilifu, yaani dawa za wadudu na magugu: TPHPA. Mbegu: TOSCI.

Droni: TCAA, na usisahau kuna kibali cha upande wa ulinzi pia.

Wenzetu wa Kenya mna Mamlaka ya Mawasiliano, KEBS na Bodi ya Dawa na Sumu. Majina tofauti, mlango uleule.

REDIO ZANGU 20

Sasa niwape yangu, sioni aibu tena.

Mwaka 2022 kampuni moja ndogo ya ulinzi iliniomba redio koli 20. Mimi nilikuwa nauza buti na tochi, redio sikuwahi. Nikaingia mtandaoni, nikakuta China redio moja inanifikia kwa 45,000. Mteja nikampa bei ya 85,000, akakubali, akanilipa nusu, 850,000. Nikapiga hesabu: redio 900,000, usafiri 160,000, jumla 1,060,000. Mauzo 1,700,000. Faida 640,000 kwa oda moja! Siku hiyo niliwanunulia wadogo zangu chipsi kuku.

Kuna kundi la WhatsApp la waagizaji nilikuwemo. Humo kulikuwa na "wakala" anasifiwa kila siku. Anapokea mzigo China, anakupa bei ya kilo, "mpaka mlangoni, kila kitu ndani". Nilimuuliza swali moja tu: "Inachukua siku ngapi?" Hilo tu. Sikuuliza ana leseni ya forodha au hana. Sikuuliza redio zinahitaji kibali au hazihitaji. Sikuuliza jina la kampuni. Alinitumia picha ya cheti cha BRELA, nikaona nembo ya taifa, nikatulia roho.

Jamani, BRELA inasajili kampuni au jina la biashara. Haimpi mtu ruhusa ya kutoa mzigo forodhani. Hayo ni mambo mawili kabisa. Hata mimi duka langu nina usajili, lakini siwezi kwenda bandarini kutoa kontena la mtu.

Mzigo ukafika Dar, ukazuiwa. Redio hazikuwa na kibali. Wakala akanipigia: "Dada, kuna changamoto kidogo, tuma 180,000 tumalizane na watu." Nikatuma. Wiki moja baadaye: "Imebaki kidogo, tuma 220,000." Nikatuma. Nikaomba risiti ya malipo, akaniambia malipo ya namna hiyo hayana risiti. Hapo ndipo nilitakiwa nisimame, nikaendelea kumbembeleza. Mwezi wa pili simu ikawa haipatikani, na kwenye kundi nikatolewa.

Jumla niliyotoa: 1,460,000. Redio sikuiona hata moja. Na mteja akataka 850,000 zake, haki yake. Nilikuwa sina. Mama yangu akakopa 600,000 VICOBA kwa jina lake, kile kingine nikauza friji ya dukani niliyokuwa nauzia maji. Mama amelipa marejesho hayo miezi minane kwa kukaanga samaki. Hakuwahi kuniambia neno baya. Lakini kila Jumamosi akienda kwenye kikao cha kikundi, mimi nilikuwa najifanya nina kazi dukani.

Na naomba nisijisafishe hapa. Yule jamaa alikuwa tapeli, ndiyo. Ila hata angekuwa mwaminifu kama malaika, mzigo bado ungezuiwa. Mimi sikuwa na leseni ya kuingiza redio wala kuziuza. Mlango nilikuwa nimeukosa tangu siku ya kwanza.

MARA YA PILI

Mwaka uliofuata akaja mteja mwingine, naye anataka redio 20. Moyo ukapiga. Nikamwambia: "Nipe siku tatu, usinipe hela."

Niliwasiliana na ofisi ya TCRA ya kanda, nikauliza nani wana leseni ya kuuza vifaa hivyo. Nikapata majina, nikawapigia wawili. Wa kwanza alinijibu kwa kunikimbiza, kila swali "we lipa tu tutaelewana". Wa pili alinisikiliza, akanitumia namba ya leseni kabla sijaiomba, halafu akaniambia kitu kilichoniuma kwanza, baadaye nikamshukuru: "Dada, wewe huna leseni ya kuuza redio. Kwa hiyo mimi nitamuuzia mteja wako moja kwa moja, ankara na risiti zinatoka kwa jina lake, na kuhusu leseni ya masafa nitamwelekeza. Wewe nakupa kamisheni ya 8,000 kwa kila redio."

Nilitaka kukataa. Nilihisi ananinyang'anya mteja. Nikakumbuka samaki wa mama, nikakubali.

Bei ilikuwa 82,000 kila moja, 1,640,000 zote. Mteja alilipa kwenye akaunti ya kampuni, akapata risiti ya EFD, redio zikaja kwa basi siku ya tatu. Tulizifungua pamoja mbele ya mteja, tukalinganisha namba moja moja na ankara, tukazijaribu, ndiyo akasaini. Mbili chaji zake hazikufanya kazi, zikabadilishwa wiki hiyohiyo bila ugomvi.

Mimi nilipata 160,000. Ile ya kwanza ilikuwa faida ya 640,000 kwenye karatasi. Hii ni 160,000 mfukoni. Na yule mteja mpaka leo ananunua buti na makoti kwangu, kwa sababu aliniona nimekaa upande wa haki.

Ndiyo maana niliposoma habari za yule mwenye duka wa Marekani anayepokea bunduki ya mtu mwingine kwa ada ya dola 30, nilimwelewa haraka. Kinachouzwa pale ni leseni yake, kaunta yake na jina lake. Mwenye leseni wangu naye alikuwa hivyo hivyo.

KABLA HUJALIPIA MZIGO, FANYA HIVI

Kwanza, jua bidhaa yako inaulizwa na nani. Kabla ya kuangalia bei, jiulize: kitu hiki kinaingia mwilini mwa mtu, kinapaka ngozi, kinatoa mawimbi, kinaruka, kinaua wadudu, kinaoteshwa shambani? Kama ndiyo, kuna taasisi. Piga simu au nenda ofisi yao ya kanda. Kuuliza hawachaji.

Pili, tofautisha watu wawili. Kuna mwenye leseni ya bidhaa, yaani anayeruhusiwa kuingiza na kuuza kitu hicho. Na kuna wakala wa forodha, anayeruhusiwa kushughulikia nyaraka na kutoa mzigo. Wakala mzuri hawezi kuziba pengo la leseni ya bidhaa. Na mwenye leseni ya bidhaa sio lazima awe wakala. Ukikosa mmoja, umekwama.

Tatu, mhakiki kwenye chanzo. Mawakala wa forodha wanapewa leseni na TRA, na leseni zao zinaisha Desemba 31 kila mwaka. Kwa hiyo leseni ya mwaka jana ni karatasi tu. Tafuta jina la kampuni kwenye orodha ya TRA au uliza ofisi yao. Jina liwe lilelile, herufi kwa herufi, na simu upige ile uliyoipata kwenye taasisi, sio ile aliyokupa yeye.

Nne, omba mchanganuo wa gharama kwa maandishi. Ushuru wa forodha unapigwa kwenye bei ya bidhaa pamoja na usafiri na bima, na viwango vya Afrika Mashariki kwa bidhaa nyingi ni asilimia 0, 10, 25 au 35. Juu yake kuna VAT asilimia 18, ambayo inapigwa kwenye jumla ikiwa na ushuru ndani. Halafu tozo nyingine ndogo, ada ya wakala, na gharama ya kuhifadhi mzigo ukichelewa. Mfano mzigo umefika kwa 1,000,000 yote ndani na ushuru ni asilimia 25: ushuru 250,000, VAT ya 1,250,000 ni 225,000. Umeshafika 1,475,000 kabla ya ada ya mtu yeyote. Kwa hiyo mtu akikwambia "kila kitu ndani, elfu themanini", jiulize hiyo kodi ya serikali analipa nani. Jibu mara nyingi ni kwamba hailipwi, na siku ya kukamatwa mzigo ni wako.

Tano, kodi ilipwe kwa namba ya malipo ya serikali. Ile namba inatoka kwenye mfumo, ina kiasi chake na jina la mlipaji. Unaweza kulipa mwenyewe benki au kwa simu. Ada ya wakala ndiyo inaenda kwa wakala, kwenye akaunti ya kampuni, kwa risiti ya EFD. Risiti nayo ihakiki kwenye mfumo wa TRA, dakika moja tu. Hela ya kodi ikipita kwenye simu binafsi ya mtu, hesabu imepotea.

Sita, uliza: "Ikizuiwa inakuwaje?" Swali hili ndilo linatenganisha watu. Mwenye leseni wa kweli atakwambia taratibu: utaandikiwa barua, utaleta kibali hiki, kisipopatikana mzigo unarudishwa au unateketezwa, na gharama ni za nani. Mbabaishaji atakwambia "haizuiwi, mimi nina watu". Ukisikia "nina watu", funga pochi.

Saba, kagua kabla ya kusaini. Fungua boksi pale pale, hesabu, linganisha namba, piga picha. Aibu ya dakika kumi mbele ya wahudumu ni ndogo kuliko kurudi nyumbani na mzigo wa mtu mwingine.

Nane, usiazime jina la mtu. Kutumia TIN ya rafiki au leseni ya shemeji ili mzigo upite, hiyo ni kama yule Mmarekani anayejaza fomu kwa niaba ya mtu aliyekatazwa. Mzigo ukileta madhara, karatasi zinamtaja aliyesaini. Kama huna leseni, fanya kama nilivyofanya: mpeleke mteja kwa mwenye nayo, chukua kamisheni yako kwa maandishi, lala usingizi.

MWISHO

Najua kuna mtu anasoma hapa anasema: "Dada, mbona fulani anaagiza bila hayo yote na hajawahi kukamatwa?" Kweli, yupo. Na mimi kabla ya zile redio nilishaagiza tochi mara nne bila tatizo, ndiyo zilizonidanganya. Tochi zilipita kwa sababu ni tochi. Nikadhani nimejua kuagiza, kumbe nilikuwa sijakutana na mlango.

Mzee wangu wa shamba amenipigia jana. Ameshaanza taratibu zake kwa mwenyekiti, na huku akisubiri kaniagiza tochi sita kubwa, filimbi sita na makoti ya mvua kwa vijana wake wa kulinda mahindi usiku. Hizo ninazo, leseni yangu inaziruhusu, na risiti nimemkatia.

Kama una mwenzako ambaye leo yuko kwenye kutuma hela kwa "wakala" asiyemjua jina la kampuni, mpelekee hii kabla hajabonyeza namba ya siri.

Mapambano mema.